Tumeanza Kuandika Kapa: Shajara ya Wikendi Kumi na Mbili za Fimbo Ufukweni

Kabla ya kuanza

Mradi huu umezaliwa na ubishi. Kwenye kikao cha kufunga msimu cha klabu yetu ya uvuvi wa fimbo, hoja ilikuwa ile ile ya miaka yote: je, samaki wa karibu na ufukwe wamepungua, au ni maneno tu? Upande mmoja ulisema siku hizi mtu anarusha chubwi, ule uzito wa kuzamisha mshipi, tangu alfajiri hadi jua la utosi na chambo kinarudi kama kilivyotoka. Upande wa pili ukajibu kwamba bingwa wa msimu huu kampandisha kolekole mzito kuliko wa bingwa aliyepita, sasa huo upungufu uko wapi? Madaftari ya klabu ninayo mimi kama katibu, nikaahidi kuyapitia nilete jibu.

Nimeyapitia yote. Jibu halimo. Kila ukurasa una tarehe, jina la mshindi, aina ya samaki na uzito wake, basi. Hakuna idadi ya waliotoka siku ile, hakuna saa walizokaa, hakuna samaki wa pili wala wa kumi. Waliorudi mikono mitupu hawamo kabisa, kana kwamba hawakuamka. Mshindi aliyepata samaki wake mmoja katikati ya fimbo thelathini zilizokesha anasomeka sawasawa na mshindi wa fimbo tano zilizojaza ndoo kwa saa mbili. Miaka yote tumekuwa tukiandika bahati ya mtu mmoja, tukadhani tunaandika habari za bahari.

Kwa hiyo msimu huu tunaandika upya. Wikendi kumi na mbili, mahali patatu pale pale: mwambani, mchanga mrefu na mlango wa mto. Kila mtu ataandika saa aliyorusha mara ya kwanza na saa aliyokunja mshipi kwa mara ya mwisho, idadi ya fimbo zake, hali ya maji, na kila samaki kwa urefu wake, hata awe wa kidole. Asiyepata kitu ataandika neno moja: kapa. Neno hilo ndilo ninalolihitaji kuliko yote.

Wikendi ya 1. Bamvua, mwezi mpevu

Tumetoka fimbo 14. Maji yalijaa mapema na kwa nguvu, kama ilivyo bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, na saa mbili za mwanzo zilikuwa nzuri sana kwa kuvua. Kwa kuandika zilikuwa mbaya. Karatasi zililowa. Kalamu za wino ziligoma kwenye karatasi yenye chumvi. Nilipokusanya fomu, sita tu kati ya 14 zilikuwa na saa ya kuanza na ya kumaliza. Samaki wote wameandikwa vizuri, lakini bila saa hawanisaidii.

Jambo lililonigusa zaidi ni la ndugu mmoja aliyeondoka bila kurudisha fomu. Nilipompigia simu alinijibu kwa upole kabisa: "Katibu, ningerudisha ya nini? Sikupata samaki." Simlaumu hata kidogo. Ndivyo tulivyofundishana: samaki ndiye habari, na asipokuwepo huna la kusema. Nimekaa naye jioni tukaelewana. Nimemwambia fomu yake ndiyo inayozipa uzito fomu za wenzake, kwa sababu samaki mmoja katika saa tano za fimbo moja na samaki huyo huyo katika saa hamsini za fimbo kumi ni bahari mbili tofauti.

Marekebisho: vibao vya plastiki na penseli. Penseli inaandika hata kwenye kibao kilicholowa.

Wikendi ya 2. Maji mafu

Maji mafu, yaani siku za maji kujaa na kupwa kidogo. Fimbo 11, saa tano kila moja, yaani saa 55 za fimbo. Samaki tisa: chaa watano, changu wadogo watatu, taa mmoja. Watu wanne wamepata, saba wametoka kapa, na wote saba wameandika. Ukigawanya, ni kama saa sita za fimbo kwa samaki mmoja. Hiyo ndiyo hesabu ya kwanza ya klabu hii ninayoweza kuilinganisha na nyingine.

Lakini siku hii imenifundisha pia kutoiamini hesabu haraka. Mchanga mrefu umebadilika umbo tangu msimu uliopita. Fungu la mchanga lililokuwa mbali limesogea, na nyuma yake, karibu kabisa na nchi kavu, umechimbika mfereji. Mawimbi yanavunjikia juu ya fungu, maji yanatulia mfereji unapopita, kisha yanatafuta njia ya kurudi baharini kwenye mwanya mmoja, pale uso wa maji unapoonekana laini na povu kuvutwa nje. Samaki wa ufukweni wanakula humo, kwenye mfereji na mdomoni mwa huo mkondo, maana mawimbi yanawachimbulia kaa na minyoo. Sisi na fimbo zetu za mita nne na machubwi ya gramu 140 tulikuwa tunashindana kurusha mita tisini, tukiwavuka samaki wote.

Mzee wetu, aliye kwenye klabu kuliko sote, ndiye aliyeona. Alipunguza chubwi, akarusha mita 25 tu, na chaa watatu kati ya wale watano ni wake. "Mwanangu," aliniambia, "usiandike kwamba samaki hawapo kabla hujaandika mlirusha wapi." Nimeongeza safu ya umbali kwenye kibao: karibu, kati, mbali.

Jioni ya katikati ya wiki

Nimesoma usiku mzima, na naandika hapa nisije nikasahau.

Mwaka 1995 mwanasayansi wa uvuvi Daniel Pauly alieleza jambo ambalo kila klabu ya fimbo ingepaswa kulijua. Kila kizazi cha watu wa bahari huchukua hali kiliyoikuta ujanani kuwa ndiyo hali ya kawaida. Samaki wakipungua katika maisha yao, watapima upungufu kuanzia hapo. Kizazi kinachofuata kinakuta bahari iliyopungua tayari, nacho kinaiita ya kawaida. Hakuna anayesema uongo, ila kipimo chenyewe kinateremka pamoja na samaki.

Na mwaka 2009 mtafiti Loren McClenachan alitoa matokeo ya kazi aliyoifanya kwa picha za Key West, Florida, ambako abiria wa mashua za uvuvi wa burudani wamekuwa wakipigwa picha na samaki wao wakubwa wa siku, wametundikwa kwenye ubao. Alipima samaki waliomo kwenye picha za 1956 hadi 2007. Wastani wa uzito ulishuka kutoka kilo 19.9 hadi kilo 2.3. Na tukumbuke hao ni samaki waliochaguliwa kupigwa picha, yaani mabingwa wa siku. Nimezitazama picha zetu za klabu baada ya kusoma hayo. Nilichokiona kwanza ni kwamba nyuso zina furaha ile ile kwenye kila picha, za zamani na za sasa.

Wikendi ya 3. Hatukutoka

Bahari imechafuka, upepo wa kutoka baharini unasukuma mawimbi mpaka kwenye vichaka. Hakuna samaki anayestahili mtu kusombwa. Nimeandika "hatukutoka", maana siku isiyovuliwa si sawa na siku ya kapa, na nisipoitenganisha sasa, mwakani sitakumbuka.

Wikendi ya 4. Maji mafu, mto umeshusha tope

Hii ndiyo siku iliyotugawa.

Fimbo nne zilikuwa mlango wa mto. Maji ya tope yalipokutana na maji ya bahari palitokea mstari unaoonekana kwa macho, na juu ya mstari huo kundi la kolekole lilikuwa likifukuza vidagaa. Kwa saa tatu, fimbo hizo nne zimepandisha kolekole 31. Kelele zilisikika mpaka mwambani. Wakati huo huo fimbo sita za mchanga mrefu zimekaa saa tano na kupata samaki wawili, na fimbo mbili za mwambani zimekaa saa tano zikatoka kapa.

Jioni watu walinijia wakicheka kwa furaha: "Haya katibu, andika sasa! Nani alisema samaki wameisha?" Na ukizichanganya fimbo zote, saa 52 kwa samaki 33, ni chini ya saa mbili kwa samaki mmoja, yaani tumepata mara tatu na zaidi ya wikendi ya pili. Ukizitenganisha, mlango wa mto una samaki wawili na nusu kwa kila saa ya fimbo, na fukwe mbili nyingine kwa pamoja zina samaki wawili katika saa 40.

Nimekataa kuzichanganya, na nimeeleza sababu mbele ya wote. Samaki wanaotembea kwa makundi wanaweza kupungua baharini bila mvuvi kuona, kwa kuwa waliobaki wanaendelea kujikusanya mahali pale pale, na mvuvi anajua pa kuwafuata. Ndoo inajaa hadi karibu na mwisho. Kwa samaki aitwaye cod wa Newfoundland, Kanada, meli ziliendelea kupata samaki vizuri kwa sababu ziliwafuata pale walipokuwa wamesongamana, huku eneo walilokuwa wakienea likizidi kupungua. Julai 1992 serikali ikalazimika kufunga uvuvi ule, na maelfu ya watu wakakosa kazi kwa siku moja.

Jambo la pili lilikuwa kwenye vibao vyenyewe. Kolekole wote 31 walikuwa kati ya sentimita 22 na 31. Mlango wa mto ni makulio: samaki wengi wa pwani hukulia kwenye maji ya mito, mikoko na nyasi bahari kabla ya kutoka nje. Tulichokutana nacho ni watoto, na 19 kati yao walikwishaingia kwenye ndoo kabla hatujazungumza. Nimeandika hivyo bila kumtaja mtu, kwa kuwa wawili kati ya hao 19 ni wangu.

Wikendi ya 5. Bamvua

Tumefanya jaribio la ndoano. Nusu ya fimbo zimefungwa ndoano za kawaida, nusu ndoano za duara, zile ambazo ncha yake imepinda ndani kuelekea shina. Ndoano ya duara samaki akiimeza na mshipi ukakaza, inateleza kutoka kooni na kukamata pembeni mwa mdomo. Sharti lake ni moja, nalo ni gumu kwa mikono iliyozoea: usiivute fimbo kwa nguvu unapohisi mdomo. Iache, mshipi ukaze wenyewe, kisha kunja rili taratibu.

Asubuhi nzima watu wamewapoteza samaki kwa sababu ya kuvuta. Nimeona fimbo ikiinuliwa kwa mshtuko mara tatu mfululizo na mtu yule yule, na mara tatu ndoano ikatoka tupu. Adhuhuri wengi walikuwa wamezoea. Samaki saba wamepatikana kwa ndoano za duara, wote wamekamatwa mdomoni. Kwa ndoano za kawaida wamepatikana wanane, watatu wamemeza mpaka ndani, na mmoja, changu wa sentimita 34, alielea tumbo juu baada ya kurudishwa. Tulimtazama wote mawimbi yalipomrudisha mchangani. Samaki 15 hawatoshi kuthibitisha lolote, lakini hakuna aliyepinga tulipokubaliana kuendelea na za duara.

Hapa niweke na mfano wa pwani ya Atlantiki ya Marekani, kwa striped bass, samaki anayependwa na wavuvi wa ufukweni kule kuliko wote. Aliwahi kupungua vibaya hata jimbo la Maryland likapiga marufuku kumvua tangu mwaka 1985 mpaka 1990. Akarudi, na mwaka 1995 akatangazwa amepona. Kisha akaanza kushuka tena, na safari hii sehemu kubwa mno ya samaki waliokufa ilitokana na wavuvi wa burudani. Wataalamu wanakadiria kwamba kati ya kila samaki 100 wanaorudishwa majini, tisa hufa. Tisa ni wachache kwa mtu mmoja. Lakini watu waliokuwa wakirudisha walikuwa wengi kiasi kwamba, kwa makadirio ya mwaka 2017, samaki waliokufa baada ya kurudishwa walikaribia nusu ya vifo vyote vilivyotokana na uvuvi. Tangu 2021 ndoano za duara ni lazima kule kwa anayemvua samaki huyo kwa chambo.

Nimelisoma hilo kwa sauti kwenye mkusanyiko, kwa sababu wengi wetu, nikiwemo, tuliamini kwamba ukimrudisha samaki umemaliza deni.

Utaratibu mpya wa kurudisha: mikono iloweshwe kwanza ili ute wa samaki usitoke, asilazwe kwenye mchanga mkavu, picha moja ya haraka au hakuna picha, na aliyemeza ndoano akatiwe mshipi karibu na mdomo badala ya kuchokolewa.

Wikendi ya 6

Fimbo tisa, saa 45, samaki sita. Hakuna kipya. Vibao vyote vimerudi vimejazwa, mara ya kwanza tangu tuanze.

Wikendi ya 7. Usiku wa giza, mwezi unakaribia kuandama

Tumekesha. Usiku ufukwe ni mwingine kabisa: samaki wanasogea karibu, hata mita kumi kutoka miguuni, na taa ya kichwani ikimulika maji wanatawanyika. Tumepata taa watano (samaki, si za kumulika), papa mdogo mmoja na changu wawili wakubwa kuliko wote wa msimu, sentimita 51 na 54. Wote wamepimwa majini ukingoni na kuachwa.

Takwimu za usiku nimezifungulia ukurasa wake. Ndugu mmoja alishauri tuhamie usiku moja kwa moja kwa vile "ndiko waliko". Nilimwelewa, na ndio ninachokiogopa. Samaki wa mchana wakipungua tunahamia usiku, wa karibu wakipungua tunanunua fimbo ndefu, chambo kimoja kikishindwa tunaleta kingine, na ndoo inabaki na uzito ule ule. Juhudi yetu inapanda kimyakimya na kuficha kinachoshuka. Kwa hiyo tumekubaliana: anayetaka usiku aende, lakini saa za mchana mahali patatu haziguswi mpaka mradi uishe.

Wikendi ya 8

Mchanga mrefu tumewakuta wenye juya, ule wavu mrefu wa kukokotwa. Walikuwa wameshazungusha, wanakokota pande mbili. Baadhi yetu walikunja nyuso, na maneno yakaanza: hawa ndio wanaomaliza samaki, juya halichagui, linazoa mpaka mayai. Ni kweli juya la matundu madogo likikokotwa chini linachukua watoto na kung'oa nyasi. Ni kweli pia kwamba sisi wiki nne zilizopita tulitia ndoo watoto 19 kwa ndoano.

Mzee ndiye aliyekwenda kwa nahodha wao, akamsalimu, wakakaa chini ya mti. Nikafuata na kibao changu. Nahodha alisikiliza habari za mradi mpaka mwisho, kisha akaniuliza: "Nyinyi mnawahesabu wenu. Wa kwetu nani anawahesabu?" Nilikiri kwamba hakuna. Akaniruhusu kupima mkokoto mmoja.

Imenichukua saa nzima. Vidagaa na chaa wadogo sikuweza kuwamaliza, nimepima ndoo moja tu na kuandika kwamba nimepima ndoo moja. Lakini jambo alilonieleza nahodha lina thamani kuliko vipimo vyangu. Alisema zamani walikuwa wakizungusha mara mbili kwa asubuhi wakaondoka, sasa wanazungusha mara nne. Hiyo ni hesabu ya juhudi kama yetu, ameishi nayo mwilini bila kuiandika. Nimemwachia kibao na penseli. Ameahidi kuandika idadi ya mizunguko tu, na mimi sikumwomba zaidi ya hapo.

Kwa wale wanaoamini kwamba fimbo haina madhara, nawakumbusha Afrika Kusini. Pwani yake ina wavuvi wa fimbo wengi mno, na samaki wao maarufu aitwaye kob alishushwa na ndoano, pamoja na nyavu, mpaka mwaka 2000 serikali ikatangaza hali ya dharura katika uvuvi wa mshipi. Kob jike anakaribia mita moja kabla hajataga mara ya kwanza, kwa hiyo wengi walikuwa wakitolewa majini kabla ya zamu yao. Lakini kule kule kuna hifadhi ya De Hoop, iliyofungwa kwa wavuvi wa fimbo katikati ya miaka ya 1980. Watafiti waliendelea kuvua humo kwa fimbo wakiwa wamesimama ufukweni kama sisi, wakihesabu juhudi zao, wakipima na kurudisha. Ndani ya miaka michache walianza kupata zaidi kwa aina kadhaa, akiwemo galjoen. Kwa hiyo samaki wa kwenye povu la mawimbi akipumzishwa anarudi. Na waliolijua hilo ni kwa sababu walihesabu kabla, wakahesabu na baada.

Wikendi ya 9

Mvua kuanzia mwanzo hadi mwisho. Fimbo saba, saa 28, samaki watatu. Wanne kapa.

Wikendi ya 10. Shindano

Hili ndilo lililonikosesha usingizi tangu mwanzo. Shindano la klabu limekuwa la uzito siku zote. Samaki anapelekwa mezani, anatundikwa kwenye mizani, na kufika hapo ni maiti. Nilipendekeza tushindane kwa urefu: samaki analazwa kwenye kibao chenye alama, kibao kimeloweshwa, picha moja yenye namba ya mshiriki, kisha anarudi. Alama zinajumlishwa kwa sentimita za samaki wote, si mkubwa mmoja.

Wawili walipinga kwa nguvu, na sababu zao hazikuwa za kijinga. Mmoja alisema mizani haidanganyi, kibao unaweza kumvuta samaki mkia. Mwingine alisema, na sauti yake ilitetemeka, kwamba samaki mkubwa ukimrudisha unamrudishia mwenzako. Nilimjibu kwa mfano wa mayai. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba cod jike mmoja wa kilo 30 hutoa mayai mengi kuliko majike 28 wa kilo mbili mbili, ambao jumla yao ni kilo 56. Mtu akimtoa mmoja mkubwa akaacha wadogo wawili, hajafidia. Na huyo mkubwa ndiye mizani yetu imekuwa ikimtafuta kila mwaka, kwa kikombe.

Sikumshawishi. Aliyemshawishi ni Mzee, kwa maneno machache: "Kaka, mimi nimewatundika wengi kwenye mizani ile. Acha wa mwaka huu waende."

Shindano limefanyika. Fimbo 16, saa 64, samaki 13 wamepimwa, mmoja amekufa, 12 wamekwenda. Aliyeshinda ni binti aliyejiunga msimu huu, kwa chaa sita na mkizi mmoja, hakuna hata mmoja aliyefika sentimita 40. Kwa kanuni za zamani asingetajwa. Yule ndugu aliyepinga ndiye aliyemshikia kibao.

Wikendi ya 11

Fimbo tisa tu, wengi wamechoka. Saa 40, samaki watano.

Wakati wa kukunja vifaa Mzee alinivuta pembeni. Alikuwa na mfuko wa nailoni, na ndani yake kalenda za ukutani zilizokunjwa, za miaka mingi, nyingine zimeliwa na mende. Aliziandika kwa ajili ya nyumbani kwake, alisema, ili ajue siku alizotoka. Kwenye kila tarehe aliyovua ameandika saa ya kutoka na ya kurudi, "B" kwa bamvua au "M" kwa maji mafu, idadi ya samaki, na mahali. Alivua na fimbo moja, karibu siku zote mwambani.

Na siku nyingine, kwa mwandiko ule ule, ameandika: "sikupata".

Nilikaa kwenye mchanga nikiwa na kalenda hizo mapajani na sikuweza kusema. Nimepekua madaftari ya klabu miezi mitatu nikitafuta neno hilo.

Wikendi ya 12. Bamvua inaisha

Safari ya mwisho ya mpango. Fimbo 12, saa 54, samaki tisa. Matokeo ya msimu mzima nimeyabandika: sehemu kwa sehemu, mchana na usiku mbali mbali, mlango wa mto wikendi ya nne peke yake. Juu ya karatasi nimeandika kwamba huu ni mstari wa kuanzia, na hauwezi kutumiwa na mtu yeyote kudai samaki wamepungua au hawajapungua. Ubishi wetu wa kikao utalazimika kusubiri misimu mingine.

Isipokuwa mwambani. Tumenakili kalenda mbili za Mzee mpaka sasa, binti wa shindano anasoma na mimi naandika. Siku za "sikupata" zipo, ila inabidi uzitafute. Msimu huu, mwambani, inabidi uzitafute zile zisizo za kapa. Ni mtu mmoja, fimbo moja, mwamba mmoja, na chambo chake cha zamani kilikuwa kaa mchanga wakati sisi tumetumia ngisi, kwa hiyo bado siandiki zaidi ya hapo.

Nilimweleza Mzee tatizo la chambo. Alifikiri kidogo, akaniambia lipo jawabu: atavua yeye mwenyewe, kwa fimbo moja, kwa kaa wa mchangani, akisimama pale alipokuwa akisimama, kwa saa zile zile zilizoandikwa kwenye kalenda, bamvua kwa bamvua. Magoti yake hayampandishi tena mwambani peke yake, kwa hiyo tutapokezana kumshika mkono, na mshikaji havui.

Bamvua ijayo ya mwezi mpevu inaangukia wikendi ya pili kutoka leo. Kalenda inasema alitoka saa kumi na moja alfajiri. Zamu ya kwanza ya kumshika mkono ni yangu, kaa tutawachimba jioni ya Ijumaa, na kibao nimekichora tayari: saa, maji, idadi, na pembeni nafasi ya neno lake mwenyewe, "sikupata".